Istilahi za Grafu Mbele ya Ubao

Istilahi nyingi za hisabati hupendekezwa katika safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na huhukumiwa papo hapo juu ya karatasi. Sisi twaona hiyo ni nusu tu ya kazi. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi huikuta grafu ya aljebra katika sekondari, na huikuta kwa Kiingereza. Lakini mwalimu anapoona darasa limenyamaza hueleza kwa Kiswahili, kwa maneno yoyote yaliyo karibu. Yafaa basi maneno hayo yajaribiwe kwa hesabu yenyewe.

Tuchukue mlinganyo (x − 3)² + y² = 25, ambao grafu yake ni duara. Tukiweka 0 mahali pa y, twapata x = 8 au x = −2. Tukiweka 0 mahali pa x, twapata y = 4 au y = −4. Grafu imekata mihimili mahali panne. Mahali hapo tupaiteje?

Neno la kwanza kumjia mfasiri ni kikatio. Lakini kichujio huchuja na kifungio hufunga. Kikatio nacho kitakuwa kisu, si mahali palipokatwa. Mkato nao umekwisha kuchukuliwa na alama ya uandishi, na nukta (8, 0) yenyewe imeandikwa kwa mkato! Sisi twapendelea mkatizo, kwani njia hukatiza shamba kama grafu inavyokatiza mhimili. Tena vitabu vya Kiingereza havikubaliani: vingine hutumia neno lao kwa namba 8, vingine kwa nukta (8, 0). Hatulazimiki kuurithi utata huo. Mkatizo na uwe namba, na nukta ya mkatizo iwe nukta.

Hata hivyo tusiseme “mkatizo wa y”. Mwanafunzi asikiaye hivyo huweka 0 mahali pa y, naye hupata jibu la mhimili mwingine. “Mkatizo kwenye mhimili wa y” ni maneno marefu, lakini humwonyesha mahali pa kutazama.

Nukta (0, 0) huweza kuitwa kitovu, na kwa sikio ni jina zuri. Duara letu lalikataa. Kitovu chake ni (3, 0), na kila duara ni linganifu kwa kitovu chake, ilhali duara hili si linganifu kwa (0, 0). Tuseme chanzo, maana hesabu ya mihimili yote miwili huanzia hapo.

Kuhusu ulinganifu, wako wanaolalamika kwamba neno hili na mlinganyo yametoka katika shina moja. Kwetu hilo si kosa kubwa, mradi isisemwe “ulinganifu wa mlinganyo”: kilicho linganifu ni grafu. Hatari zaidi ni mkunjo, neno ambalo walimu hulipenda kwa sababu karatasi hukunjwa mbele ya darasa na watoto wakaona. Kwa duara letu mkunjo wafaa. Karatasi ikikunjwa kwenye mhimili wa x nusu mbili hulaliana, na −y ikiwekwa mahali pa y mlinganyo haubadiliki. Ikikunjwa kwenye mhimili wa y hazilaliani, kwa kuwa (−x − 3)² si sawa na (x − 3)². Sasa tujaribu y = x³ − x. Kunja kwenye mhimili wowote kati ya hiyo miwili, nusu hazilaliani. Lakini weka −x na −y kwa pamoja: twapata −y = −x³ + x, nao ni mlinganyo ule ule. Grafu hii ikizungushwa nusu mzunguko juu ya chanzo hujilalia yenyewe. Ni linganifu bila kukunjika, na hapo mkunjo umekufa kama istilahi, ingawa kama maelezo ya siku ya kwanza hatuna ugomvi nao.

Wapo pia watakaotaka simetri. Mkopo si aibu. Mbona twasema aljebra na grafu? Ila simetri haitoi kivumishi chepesi, na mwalimu atalazimika kusema “grafu yenye simetri” kila mara, ilhali “grafu linganifu kwa chanzo” tayari yasemeka.