Mawe ya Sango na Mawe ya Kafu

Mwalimu wa Bukoba au Muleba apendaye zana za mawe za wawindaji wa kale hana safari ndefu. Sango, mahali palipozipa jina zana za namna moja zijulikanazo hata Kongo na Zambia, pako ng'ambo ya mpaka tu, upande wa Uganda. Bwana E. J. Wayland, mpima miamba wa Serikali ya huko, aliziona mwaka 1920: sululu na mashoka mazito ya mawe, yasiyo na uzuri wowote.

Bwana huyo huyo alikusanya pia kokoto zilizopasuka katika changarawe za mto Kafu, akazihesabu kuwa kazi ya watu wa kale mno. Mwaka 1952 Bwana C. van Riet Lowe alitoa kitabu kikubwa juu ya zana za kale za Uganda, na humo aliigawa kazi ya Kafu katika madaraja, moja baada ya jingine. Kitabu ni cha bidii, wala sikidharau. Habari zake za Nsongezi, ukingoni mwa Kagera yetu, zingali zafaa kusomwa. Lakini kwa Kafu alipandisha ukuta kabla ya kupima msingi. Mwaka 1959 Bwana W. W. Bishop alionyesha ya kuwa kokoto zile zaweza kupasuka zenyewe, pasipo mkono wa mtu. Jina likafa.

Mbona la Sango halikufa? Jiwe la Sango limechongwa pigo baada ya pigo, kwa utaratibu ambao mto hauna. Kokoto ya Kafu ina ufa mmoja au miwili. Tena, Bwana J. Desmond Clark, aliyechimba Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, alizikuta zana za namna ya Sango zimelala katika tabaka lao, chini yake za kale zaidi, juu yake za baadaye.

Ndiyo maana nailaumu desturi ya kabati la shule: jiwe zuri limewekwa, vibanzi vimetupwa, wala hapana karatasi isemayo limetoka wapi. Kumbe vibanzi ndivyo vishuhudiavyo kwamba fundi aliketi hapo! Na tangu sheria ya mwaka 1964 kuchimba bila kibali kumekatazwa. Jiwe likionekana katika mtaro wa shamba la migomba, na liachwe palepale. Mahali paandikwe, na kina chake, kisha habari ipelekwe kwa maofisa wa mambo ya kale.