Kilichokataliwa Mezani: Uchambuzi wa Siagi ya Njugu kwa Mbwa wa Thika na Ruiru

Katika miji ya Thika na Ruiru, nchini Kenya, ambako nyumba zimesongamana kando ya barabara kuu hata mashamba ya kahawa yakarudi nyuma, na ambako malango mengi yana mbwa nyuma yake, wako watu wenye desturi ya kumrambisha mbwa siagi ya njugu: mmoja humfichia ndani yake kidonge cha minyoo, mwingine humtuliza nayo anapokatwa kucha, na wa tatu humpa kwa mapenzi tu, ambayo hayadai hoja. Waulizapo kama chakula hicho ni salama, jibu wanalopewa aghalabu limetoka ng'ambo likiwa zima, nalo linahusu kitu cha kutia utamu kiitwacho zailitoli. Jibu hilo ni sahihi, walakini kwa mwenyeji wa huku si la kwanza kwa umuhimu. Madhumuni ya safu hii ni kuifuata chembe ya njugu tangu guniani hata kwenye kijiko, tupate kuona ni hatua gani inayomlinda mbwa na ni ipi inayomdhuru. Na dai langu, nalitanguliza lisije likadhaniwa limefichwa, ni kwamba mbwa hulindwa kwenye meza ya kuchagulia njugu, kabla ya moto na kabla ya mashine, na hudhurika pale ambapo kilichokataliwa kwa ajili ya binadamu huhesabiwa kuwa kinamtosha yeye.

Njugu zinazosagwa Thika na Ruiru kwa sehemu kubwa hazikuota huko. Ardhi ile ni ya mananasi, kahawa na makadamia. Njugu huja kwa malori kutoka Busia, Homa Bay na Migori, au huvuka mipaka zikitoka Uganda, Tanzania na Malawi. Safari hii ndefu ina maana yake. Kuvu liitwalo Aspergillus flavus huishi udongoni, na njugu, kwa kuwa huzaa chini ya ardhi, huwa jirani nalo tangu utoto. Ukame ukizipata zikiwa shambani ganda hupasuka na kuvu huingia, na zikivunwa kisha zikaanikwa kwa haraka, zikatiwa guniani zikiwa na unyevu uliozidi sehemu 7 au 8 katika 100, kuvu huendelea na kazi yake njiani na ghalani. Sumu inayozaliwa humo ndiyo aflatoksini, au sumukuvu, nayo haina rangi wala harufu wala ladha ambayo ulimi wa mtu au pua ya mbwa ingeweza kuitambua.

Jambo la kuzingatiwa sana katika sumu hii ni kwamba haikugawanyika sawasawa. Katika gunia lililoharibika, chembe nyingi huwa safi kabisa, ilhali chache, zilizosinyaa, zilizovunjika au kugeuka rangi, hubeba karibu sumu yote. Ndiyo sababu kipimo cha maabara kilichochotwa upande mmoja wa gunia chaweza kulisifu gunia ambalo upande wa pili lingehukumiwa. Na ndiyo sababu vilevile mikono ya mchaguzi mwenye macho mazuri na nuru ya kutosha inaweza kufanya kazi ambayo mtambo wa fedha nyingi hauwezi kuirudia baadaye.

Mtengenezaji anayeijua kazi yake huchagua mara mbili. Mara ya kwanza humwaga njugu mbichi mezani na kutoa mawe, makapi na chembe zilizokunjamana. Kisha huzikaanga, huziacha zipoe, huzifikicha ngozi nyekundu ikatoka na kuipepeta. Na hapo, njugu zikiwa uchi, huchagua tena, kwa maana doa lililokuwa limesitirika chini ya ngozi sasa li dhahiri. Uchaguzi huu wa pili ndio unaorukwa na wenye haraka, na kwa maoni yangu ndio unaotofautisha siagi ya kuaminiwa na siagi ya kubahatisha. Wengi hudhani kwamba moto umekwisha kuua kila kitu. Moto huliua kuvu, naam, lakini sumu iliyokwisha kutolewa na kuvu hustahimili joto lipitalo nyuzi 200, na ukaangaji hupunguza sehemu yake tu. Ikifika mashineni mambo yamekwisha: zile chembe chache huchanganyika na maelfu ya wenzake, na hakuna jicho wala chujio la kuzitenga tena.

Kwamba hatua hii ya kuchagua haitimizwi daima, si siri. Mwishoni mwa mwaka 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina saba za siagi ya njugu zilizopatikana na aflatoksini kupita kiwango, muda mfupi baada ya kuchukua hatua kama hiyo juu ya unga wa mahindi. Kiwango chenyewe ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kilo moja ya chakula, na kati ya hizo ile kali zaidi, iitwayo B1, isizidi 5.

Sasa na tumtazame mbwa. Wanyama walitangulia kutuonya katika nchi hii, na onyo halikupata masikio. Mwaka 1960 vifaranga vya bata 16,000 walikufa katika shamba moja la Bonde la Ufa baada ya kulishwa chakula chenye njugu zilizooza kwa kuvu. Mwaka 1977 na 1978 zamu ikawa ya mbwa: walikufa kwa wingi, pamoja na kuku, katika Nairobi, Mombasa na Eldoret, na habari zao zikaandikwa katika jarida la madaktari wa mifugo wa Kenya mwaka huo wa 1978. Miaka mitatu baadaye, katika Machakos, watu 20 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo, wakafa 12. Na mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Aliyesoma taarifa ya mbwa kwa makini mwaka 1978 alikuwa na elimu yote iliyohitajika kuwahurumia watu wa 1981.

Kwa nini mbwa huwa mwepesi wa kuathirika? Kwanza, ini lake ni dhaifu mbele ya sumu hii kuliko la wanyama wengi wa kufugwa: kiasi cha nusu miligramu hadi miligramu moja kwa kila kilo ya uzito wake chaweza kumwua kwa mara moja. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mbwa hali vyakula mbalimbali kama bwana wake. Hula kile kile asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2005, nchini Marekani, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yaliyoharibika, na vipimo vya chakula hicho vilionyesha mikrogramu baina ya 200 na 600 katika kilo moja. Hakuna mbwa aliyekufa kwa mlo mmoja wa chakula kile. Waliuawa na mazoea.

Hesabu hii yatupa hukumu mbili. Mbwa wa kilo 10 akirambishwa kijiko cha chai cha siagi iliyo ndani ya kiwango, yaani gramu 5, hupata sumu isiyozidi sehemu 5 katika 100 za mikrogramu moja, kiasi ambacho ini lake halitakihisi. Lakini mbwa yuyo huyo akipikiwa kila siku ugali uliotiwa njugu zilizokataliwa mezani, ambazo zaweza kuwa na sumu mara mia ya ile iliyoruhusiwa, hujikuta katika hali ya wale mbwa wa 2005. Chembe zilizokataliwa hazitupwi kwa moyo mwepesi, kwani kuzitupa ni hasara. Na mwenye kuzinunua kwa bei ya chini kwa ajili ya mbwa wa lindo hujiona amefanya uwekevu. Ndivyo ilivyo pia kwa unga uliopata ukungu na mahindi yaliyolowa, ambayo husemwa kuwa ni "ya mbwa". Desturi hii imejengwa juu ya ghalati, kwani mbwa ni miongoni mwa waliomo uani wasiostahili kabisa kupewa vitu hivyo.

Zailitoli nitaipitia upesi. Mbwa akiila, kongosho lake hudanganyika na kumwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka katika muda wa nusu saa hadi saa moja, akapepesuka, akatetemeka na pengine akazimia. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito yatosha kuyaleta hayo, na ikizidi ini huharibika. Hutumiwa katika chingamu, dawa ya meno na siagi zinazosifiwa kuwa hazina sukari, na kwenye lebo huweza kuandikwa kwa nambari E967. Mtungi ulioandikwa njugu peke yake, au njugu na chumvi kidogo, hauna hofu hiyo. Asomaye lebo amekwisha kujikinga.

Lakini Thika ina hatari yake yenyewe, ambayo miongozo ya ng'ambo huitaja kwa mstari mmoja kwa kuwa huko si chakula cha kila siku. Mti wa makadamia uliletwa karibu na Thika na mkulima Bob Harries mwaka 1946, na tangu 1974, ilipoanzishwa Kenya Nut Company mjini humo, Thika imekuwa mlango mkuu wa zao hilo, hata mtu aweza kununua makadamia yaliyobanguliwa kama anunuavyo njugu. Kwa binadamu ni kokwa tukufu. Kwa mbwa ni sumu, na wataalamu hawajagundua ni kitu gani ndani yake kinachomdhuru. Gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito zimekwisha kuonekana kuleta maradhi, maana yake mbwa wa kilo 10 huangushwa na kokwa kumi hivi. Katika muda wa saa 12 hutapika, hupata homa, hutetemeka, na miguu ya nyuma hulegea hata akashindwa kusimama. Kwa bahati njema, wengi hupona baada ya siku moja au mbili. Ganda la makadamia ni gumu, na kwa mbwa wengi hofu kubwa chini ya mti ni kulimeza likamziba utumbo. Hatari zaidi iko katika kokwa zilizobanguliwa na katika siagi za mchanganyiko, ambazo mtengenezaji wa njugu na makadamia husaga katika mashine moja. Ningekuwa na mbwa Thika, nisingenunua siagi ya mchanganyiko hata ingeuzwa kwa bei ya chumvi.

Imebaki kadiri. Karibu nusu ya siagi ya njugu ni mafuta, na mafuta mengi kwa ghafula huweza kuliwasha kongosho la mbwa, maradhi yenye maumivu makali. Waganga wa mifugo hushauri kwamba vitu vya kubembelezea visipite sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Mbwa wa kilo 10 huhitaji kalori 600 hivi, na kijiko cha chai cha siagi kina 30. Basi vijiko viwili vilivyosawazishwa ndio mwisho wake kwa siku, na mbwa mkubwa wa lindo wa kilo 30 asizidishiwe vinne. Siku ya kidonge, nusu kijiko yatosha. Mafuta yakielea juu ya mtungi si ubaya, yakorogwe. Lakini siagi iliyochacha itupwe.

Mbwa aliyekula chakula chenye ukungu akaacha kula, akatapika, akatoa choo cheusi, na fizi zake zikageuka manjano, asipewe maziwa kwa imani kwamba yataondoa sumu, kwa kuwa hayaiondoi. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, na chakula chenyewe kichukuliwe katika mfuko pamoja naye. Sumukuvu haina dawa ya kuibatilisha, ila ini likiwahiwa laweza kusaidiwa. Na nyinyi watengenezaji wa Thika na Ruiru, ambao siagi yenu ni nzuri, nawasihi jambo moja: zile chembe mnazozitoa mezani zichomeni au zifukieni, wala msimwuzie mtu anayewaambia kwamba ni za mbwa.