Ua la bluu katika ndoo

Haidranjia haizaliwi na bluu yake. Rangi iliyomo ndani ya ua, ambayo wakemia huiita delfinidini, ni ileile katika ua la waridi na katika ua la bluu. Kinachoamua ni alumini. Udongo ukiwa mkali kwa asidi, pH ikiwa chini ya 5.5 hivi, alumini iliyojifunga ndani yake huachia, ikayeyuka majini, ikapanda na mizizi mpaka kwenye ua na kushikana na rangi ile. Hapo ndipo bluu inapotoka. Asidi ikipungua na pH kukaribia 6.5, alumini hujifunga tena, na shina lilelile mwaka unaofuata linakuletea waridi. Ndiyo sababu naupenda ufundi huu kuliko ufundi mwingine wowote wa maua: unakulazimisha kuijua ardhi yako mwenyewe.

Asili yake ni Japani, na tangu Joseph Banks alipoifikisha katika bustani ya Kew, London, mwaka 1789, imezunguka dunia nzima ikitafuta mahali penye ubaridi na unyevu. Kwa huku kwetu wengi wameiona Lushoto, Marangu, au Limuru kwa wenzetu wa Kenya, kando ya ukuta wa misheni au wa nyumba ya zamani, kichaka kirefu kumzidi mtu. Newala, hapa kwetu juu ya Uwanda wa Makonde, hakuna anayeitazamia. Uwanda huu ni nchi ya mikorosho na mihogo, ya mchanga unaomeza mvua yote ikapotelea chini, isibaki hata kijito.

Lakini tazama tunachofanya kila kipupwe. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipoikamata mikorosho, mavuno ya nchi nzima, yaliyokuwa yamefika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalianguka vibaya hadi katikati ya miaka ya 1980. Dawa iliyotuokoa ilikuwa salfa ya unga. Tangu wakati huo, kuanzia maua ya mikorosho yanapochipua, mashine huvuma alfajiri kabla upepo haujaamka, na ukungu wa njano hutanda juu ya mashamba kuanzia Makote mpaka ukingoni, Shimo la Mungu. Salfa ile haiishii kwenye majani. Nyingine huanguka chini, vijidudu vya udongo huila na kuigeuza asidi. Watafiti waliopima mashamba ya kusini katika miaka ya 1990 walilieleza jambo hilo wazi, na walikuwa na sababu ya kuonya: udongo wenye asidi kali hudhoofisha mahindi na karanga, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuizuia asidi hiyo. Onyo lao ni la kweli, na mkulima wa chakula alisikilize. Mimi nasema tu kwamba udongo uleule, kiganja kwa kiganja, uliochotwa chini ya mkorosho mkongwe, ndio ambao wapenzi wa haidranjia wa Ulaya huhangaika kuutengeneza kwa dawa za dukani.

Peke yake hautoshi. Mchanga una alumini kidogo, kwa hiyo nachanganya na udongo mwekundu wa mfinyanzi, na majani ya mkorosho yaliyooza vizuri. Halafu kuna shabu. Bibi zetu waliitia kwenye maji ya tope ili uchafu utuame, na bado inauzwa vipande vyeupe katika maduka ya dawa za asili. Shabu ni chumvi ya alumini. Kijiko kimoja cha chakula cha shabu iliyosagwa, katika lita 4 za maji, kwenye udongo ambao tayari una unyevu, mara chache tangu vitumba vinapoanza kujitokeza: hicho ndicho chakula cha bluu. Ukizidisha unaunguza mizizi. Majivu ya jikoni yasikaribie kabisa, maana yanaua asidi. Hata mbolea ya Minjingu, ninayoiheshimu sana shambani, naiweka mbali na ua hili, kwa sababu fosfeti na chokaa yake huifunga alumini. Na aliyepewa aina nyeupe asipoteze shabu yake, nyeupe haigeuki.

Sasa maji. Hapa ndipo jirani yangu, mama mtu mzima ambaye namwamkia kila asubuhi, alinisimamisha siku moja akiwa na ndoo kichwani. "Mwanangu, maji hayo si ungemwagia mchicha?" Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake halipaswi kujibiwa haraka. Wamakonde wana hadithi ya asili yao, ambayo Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliitia katika kitabu chake. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke. Walishuka wakakaa karibu na maji, mto Ruvuma, na mtoto wao akazaliwa mfu. Walipopanda juu, Mahuta, ndipo mtoto akaishi. Tangu hapo wosia ukawa ni kukaa juu, mbali na mabonde. Watu wakautii wosia ule, na bei yake wakailipa wanawake, vizazi na vizazi, wakishuka genge na kupanda na mitungi. Mradi wa Maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 ulipandisha maji kwa pampu kutoka bondeni, lakini hata leo pampu ikisimama, uwanda mzima unakumbuka ulipo.

Katika nchi kama hii kichaka cha haidranjia cha Lushoto, cha mita 2 na majani mapana yanayovuja unyevu mchana kutwa, ni dhuluma. Nasema hivyo bila kusitasita. Ndiyo maana nasifu aina fupi, zisizofika mita moja, na nasifu chombo. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo, ikatobolewa matundu chini, inatosha mche mmoja. Maji unayaona yakiingia na unayaona yakitoka. Chini ya ndoo naweka beseni kuukuu likusanye yanayovuja, na kesho yake yanarudi juu. Ua hunyweshwa maji yaliyokwisha kufanya kazi: ya kuoshea mchele, ya kusuuzia mboga, kamwe si ya sabuni. Juu ya udongo natandaza majani makavu unene wa vidole vinne. Mche mmoja wa namna hii haumnyimi mtu mchicha, na mama yule, baada ya kulitazama beseni lile mwenyewe, aliinama akayagusa majani na kuniuliza kama linaliwa. Haliliwi, na mbuzi pia wasiliguse, kwa kuwa lina sumu.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitilii maanani. Maji ya mvua kutoka paa la bati ni mazuri mno kwa bluu, kwa kuwa hayana chokaa, ila yakikaa katika kisima cha saruji yanaramba chokaa kutoka ukutani na kupoteza sifa yake. Ya simtanki la plastiki hubaki kama yalivyoshuka. Anayeona bluu yake inafifia kuelekea zambarau aanze kulikagua tangi kabla hajailaumu shabu.

Haidranjia inahitaji pia ubaridi. Vitumba vyake huumbika usiku unaposhuka chini ya nyuzi 18 kwa wiki kadhaa, na hilo ndilo jambo ambalo Mtwara mjini, chini pwani, haiwezi kulitoa. Newala inao Juni, Julai na Agosti, wakati watu wanakwenda kisimani wamejifunga vitenge viwili. Upepo wa genge ni adui, hukausha kingo za majani hata udongo ukiwa umelowa, kwa hiyo ndoo zangu zinakaa upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi, ukuta uzikinge na la mchana. Jani likilegea saa nane usikimbilie kumwaga maji. Subiri magharibi; likiinuka lenyewe, halikuwa na kiu, lilikuwa likijihami na joto. Lisipoinuka, mwagilia.

Kukata ni kazi ya moyo mgumu na jicho pole. Ua linalokuja hutoka kwenye mti wa mwaka uliopita, na anayekata kila kitu wakati wa kipupwe ili kichaka kipendeze amekata maua yote. Nakata mara tu baada ya kuchanua, juu ya jozi ya macho yaliyonona, na chipukizi jipya nalibana ncha lingali changa ili litoe matawi mawili badala ya moja. Ufupi wa mche hauletwi na mbegu peke yake, mkono unaumaliza. Katika nchi ya wachongaji hilo halihitaji maelezo mengi.

Vipande vilivyokatwa havitupwi. Kipande cha urefu wa kiganja, kisicho na ua, majani ya chini yameondolewa na ya juu yamekatwa nusu, kikichomekwa katika mchanga mbichi kivulini hutoa mizizi ndani ya wiki nne hivi. Masika ndiyo wakati wake, hewa ikiwa na unyevu wa bure. Mama jirani amechukua viwili, na kimoja kimeshuka Masasi kwa binti yake, ambako udongo wa chini ya milima ile ya mawe si huu wetu. Nimempelekea shabu kidogo iliyofungwa kwenye karatasi, na nimemwambia asiitie mwaka wa kwanza. Aache ua lichanue kwa udongo wa pale kwanza, alione linasema rangi gani, halafu ndipo aamue.