Mshahara, Vyombo na Haki: Jinsi Bendi za Dansi Zilivyogharimiwa Tanzania

Katika historia ya sanaa, mtunzi wa mashairi ameweza kuanza kazi akiwa na kalamu na karatasi tu, lakini bendi ya muziki wa dansi haiwezi hata kufanya mazoezi bila mtaji mkubwa, kwa kuwa inahitaji magitaa, tarumbeta, saksafoni, ngoma, vipaza sauti na mitambo ya kuvikuza, ambavyo wanamuziki huviita kwa jina moja la vyombo. Ndiyo maana uchambuzi wa maisha ya kiuchumi ya wanamuziki hao huanza kwa kuuliza ni nani aliyenunua vyombo, kwani mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani apige, apige wapi na alipwe nini.

Mfumo wa kwanza ulikuwa wa klabu. Bendi kama Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, zilitokana na vyama vya watu waliochanga fedha, wakanunua vyombo kwa pamoja na kuandaa dansi za kulipia kiingilio. Wapigaji wengi walikuwa na ajira nyingine mchana, hivyo muziki haukuwa kazi ya kumlisha mtu bali shughuli ya jioni na ya mwisho wa juma. Mfumo huo uliwapa wanachama sauti katika uendeshaji wa bendi yao, ila haukuwapa wapigaji muda wa kutosha wa kuendeleza ufundi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipoanzisha NUTA Jazz na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara, na kuanzia hapo mazoezi ya mchana yakawa kazi kama kazi nyingine yoyote. Mfumo huo ulienea hadi jeshini, katika polisi, katika umoja wa vijana wa chama tawala na katika mashirika ya umma, yaani makampuni yaliyomilikiwa na serikali. Jina la bendi nalo lilimfuata mwenye mali: chama cha wafanyakazi kilipobadilika, NUTA Jazz ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, hadi hatimaye ilipobaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma.

Mshahara huo ulikuwa na athari katika muziki wenyewe. Bendi inayotegemea kiingilio cha usiku mmoja hulazimika kupunguza watu, kwa sababu kila anayeongezeka jukwaani hupunguza mgawo wa wenzake, lakini bendi iliyolipwa na taasisi iliweza kubeba waimbaji kadhaa, safu kamili ya tarumbeta na saksafoni, na magitaa ya solo, ridhimu na besi yanayosukana kwa mpangilio unaohitaji mazoezi ya muda mrefu. Utajiri wa sauti unaosifiwa katika nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 haukutokana na vipaji pekee. Ulitokana pia na utaratibu wa fedha uliowaruhusu watu wengi kufanya mazoezi pamoja bila kuhofia chakula cha kesho. Gharama yake ilikuwa kwamba mwajiri alitarajia kuimbiwa, na nyimbo za kuhimiza kazi, za kusifu chama na za kutangaza sera zikawa sehemu ya wajibu.

Udhaifu wa mfumo ulionekana pale mwanamuziki alipotaka maslahi bora. Kwa kuwa vyombo na jina havikuwa vyake, silaha yake kubwa ilikuwa kuhama. Mwaka 1978 shirika la Tanzania Transport and Taxi Services lilianzisha Mlimani Park Orchestra, ambayo ilichukua jina la baa ilimopigia na kuwavuta wanamuziki mahiri, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo kutoka Juwata. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Na mwaka 1985 Gurumo na baadhi ya wenzake wakahamia Orchestra Safari Sound, iliyomilikiwa na mfanyabiashara binafsi. Kila aliyehama alipata masharti mapya, ila aliondoka na sauti na ufundi wake tu.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa katika nyimbo zenyewe. Nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kurushwa hewani kwa miaka mingi, huku santuri zikitegemea viwanda vya Nairobi, njia iliyozidi kuwa ngumu baada ya mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa mwaka 1977. Hapakuwa na chombo madhubuti cha kukusanya mirabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapotumiwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo ndiyo msingi wa COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki nchini, ilipitishwa mwaka 1999, wakati mashirika mengi ya umma yalikuwa yamedhoofika au kuuzwa na mishahara ya bendi imekatika.

Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya takriban miongo mitano ya kuimba, alieleza kwamba muziki haukumwezesha hata kununua gari, na msanii wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akamzawadia moja. Zawadi hiyo ilikuwa ya heshima, lakini mzee aliyeimba nyimbo zilizolihudumia taifa zima hakupaswa kuishi kwa kutegemea hisani ya mwenzake. Mshahara ulijenga muziki, na kukosekana kwa haki kukawaacha waliouimba mikono mitupu. Kwa hiyo taasisi yoyote inayotaka kufadhili wasanii leo iwalipe wakati wanapofanya kazi, na iandike katika mkataba, tangu siku ya kwanza, kwamba kazi hiyo itaendelea kuwalipa wao na warithi wao.