Mchezo Huishi Jukwaani

Mchezo usomwao darasani tu ni kama mbegu iliyosahauliwa ghalani. Twaa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji. Kitabuni, mganga yule kukataa kuyakana maji huonekana ukaidi mtupu. Lakini simama jukwaani kama mfungwa atakiwaye kusema maji yalikuwa uwongo. Ndipo utakapotambua ya kuwa neno moja laweza kuwanyang'anya wajukuu heshima ya babu zao. Sisi wa Kisii na Nyamira twalijua jambo hilo: mwaka 1908 Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, mtawala Mwingereza. Mkuki ule haukuwafukuza wageni. Hata hivyo wangali wanasimuliwa. Basi usiusome mchezo kwa ajili ya mtihani tu. Uigize, ijapokuwa chini ya mti.