Gita Mbili za Segovia

Ni desturi ya watu wengi kuupima mkusanyo kwa wingi wake. Mwenye vitabu elfu husifiwa kuliko mwenye ishirini, wala haulizwi amevisoma vingapi. Kipimo hiki hakifai kwa ala za muziki, kwani ala isiyopigwa ni ubao na nyuzi tu. Basi na tuzitazame gita mbili zilizoundwa kwa mkono, alizozitumia Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania (1893–1987), ambazo mwaka 1986 zilitolewa zawadi kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ni chache, lakini uchache wenyewe ni uhakiki, tena uhakiki mkali.

Ya kwanza iliundwa Madrid mwaka 1912 katika karakana ya Manuel Ramírez. Segovia amesimulia kwamba alikwenda huko kukodi gita, na Ramírez, baada ya kumsikia akipiga, akampa bila ya malipo. Ya pili iliundwa mwaka 1937 na Hermann Hauser wa Munich. Fundi huyu aliiona gita ya Madrid mwaka 1924, Segovia alipozuru mji ule, akaichunguza kwa makini. Tangu hapo akawa akiunda gita na kumwonyesha, naye Segovia asiridhike, mpaka ilipopita zaidi ya miaka kumi. Hapa ndipo ilipo thamani ya mkusanyo huu. Gita ya 1937 ni jibu la fundi kwa sikio lililojua kukataa. Baadaye Segovia alitumia pia kazi za mafundi wengine, lakini hizi mbili zilimtumikia karibu robo karne kila moja.

Hata hivyo, zawadi hii inatutaka tahadhari mbili. Kwanza, jina. Karatasi iliyobandikwa ndani ya gita ya 1912 yamtaja Ramírez, mwenye karakana. Lakini wataalamu wengi wanaamini kuwa mkono uliounda ni wa Santos Hernández, aliyekuwa fundi wake. Mwanafunzi wa tenzi zetu za kale hatashangaa, maana ameona hati ngapi zilizohifadhi jina la mnakili na kulipoteza la mtunzi. Ahukumuye kwa karatasi ameihukumu karakana. Kazi yenyewe bado hajaigusa.

Pili, kioo. Ndani ya sanduku la kioo jicho huvutwa na rangi, na mng'ao, na mgongo wa mti mgumu wa ukoo mmoja na mpingo. Lakini sauti ya gita hutoka zaidi katika ubao mwembamba wa uso, wa mti wa jamii ya misonobari, na katika vijiti vilivyogundishwa chini yake ambavyo mtazamaji havioni. Jambo hili Antonio de Torres, fundi mkuu wa Hispania, alilithibitisha mwaka 1862 alipounda gita yenye mgongo na mbavu za karatasi nzito, na uso wa mbao; nayo ikatoa sauti njema. Kwa hiyo kioo hutuonyesha zaidi kile ambacho sikio la Segovia lilikijali kidogo.

Je, tuseme basi kwamba jumba la makumbusho limeziua gita hizi? La, hiyo itakuwa dhuluma. Mbao nyembamba huchoka na kupasuka, na bila ya ulinzi huenda tusingekuwa na cha kujadili. Bahati yetu ni kuwa sauti nayo imehifadhiwa. Ipo katika sahani za santuri ambazo Segovia alianza kurekodi London mwaka 1927 kwa gita ya Madrid, na katika zile za baada ya vita vikuu vya pili, alizozirekodi kwa ile ya Munich. Atakaye kuuhakiki mkusanyo huu na aanze kwa santuri hizo, asikilize tofauti ya sauti mbili, kisha ndipo asimame mbele ya kioo. Akifanya kinyume, atakuwa amesifu useremala tu.