Mkono wa Kamba na Jicho la Mgeni: Uhakiki wa Simulizi ya Utalii wa Nyavu za Ufukoni, Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna uvuvi wa kuvuta nyavu kutoka nchi kavu unavyosimuliwa kwa watalii mashariki mwa Uganda. Ziara ya mwaloni inachukuliwa kuwa matini yenye msimulizi, wahusika na hadhira, na inasomwa sambamba na sherehe ya imbalu ya Mbale. Hoja kuu ni kwamba simulizi ya kitalii humgeuza mvuvi kuwa sehemu ya mandhari, na kwa kuuita wavu wake "wa jadi" huficha ukweli kwamba wavu huo umepigwa marufuku. Makala yanapendekeza usimulizi unaozitaja kazi, sheria na riziki kwa pamoja, na yanaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati unaoweza kuubeba.

1. Utangulizi

Mtalii anayefika Jinja huelekezwa kwanza mahali ambapo mto Nile hutoka katika ziwa Victoria. Hapo husimuliwa kufika kwa John Hanning Speke mwaka 1862, maporomoko ya Ripon yaliyomezwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954, na majivu ya Gandhi yaliyomwagwa mtoni mwaka 1948. Simulizi hiyo ina mashujaa, tarehe na mnara. Wavuvi nao wamo, lakini wamo kama walivyo ndege na mafunjo: huonyeshwa kwa kidole mashua inapopita, hupigwa picha, na safari huendelea.

Hali hii inashangaza zaidi kwa kuwa Jinja ni makao ya elimu ya uvuvi katika ukanda wetu. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa hapo mwaka 1947, na taasisi ya taifa ya Uganda ya utafiti wa uvuvi imerithi kazi yake. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 kati ya Kenya, Tanzania na Uganda, ina makao yake makuu katika mji huohuo. Hivyo, mji unaojua mengi kuhusu wavu humweleza mgeni machache mno kuhusu wavu. Makala haya yanauliza ni nini kinachoachwa nje ya masimulizi, na kuachwa huko kunamnufaisha nani.

2. Wavu na majina yake

Wavu unaozungumzwa hapa huendeshwa kutoka ufukoni. Ncha moja ya kamba hushikwa na watu walio nchi kavu. Mtumbwi huondoka ukimwaga wavu majini kwa kuzunguka nusu duara, kisha hurudi ufukoni ukiwa na ncha ya pili. Makundi mawili huvuta kwa pamoja, maboya yakiushikilia ukingo wa juu na vizito vikiuburura ukingo wa chini juu ya mchanga, mpaka mfuko wa katikati ufike miguuni mwa wavutaji.

Mwambao wa Bahari ya Hindi huuita juya. Kwa wavuvi wa upande wa Tanzania wa ziwa Victoria ni kokoro, na kwa wengi wa upande wa Uganda ni kokota. Jina hili la mwisho linastahili kuangaliwa. Katika nchi ambayo Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini bado hutazamwa na baadhi ya watu kama lugha ya kambi na barabara, wavu unabeba jina ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili hulisikia mara moja kama kitenzi. Kukokota ni kuvuta kitu kizito kwa nguvu, kikiburura ardhini. Neno mwalo nalo, linalotumiwa na wavuvi wa Mwanza na Bukoba kwa maana ya mahali pa kutia nanga na kuuzia samaki, lina ndugu yake katika Kiganda. Kwa hiyo msamiati wa kuusimulia wavu huu tayari umo kinywani mwa wenye wavu. Aliye mbali nao ni msimulizi wa kitalii, anayesema kwa lugha nyingine na kwa niaba yao.

3. Msimulizi, mhusika na hadhira

Katika uhakiki wa fasihi, swali la nani anasimulia hutangulia swali la nini kinasimuliwa. Katika ziara ya mwaloni, msimulizi ni mwongoza watalii, hadhira ni mgeni, na mvuvi ni mhusika asiyepewa mazungumzo. Anavuta, anatabasamu, anatokwa jasho, hasemi. Dean MacCannell alieleza mwaka 1973 jinsi utalii unavyoweza kupanga jukwaani kile ambacho mgeni anaamini kuwa ni maisha halisi. Maelezo hayo yanafaa hapa, lakini yanahitaji nyongeza: ufukoni, jukwaa na kazi ni mahali pamoja. Mvuvi haigizi, anatafuta chakula cha jioni. Kinachoigizwa ni maana ya kazi yake.

Tofauti inaonekana tukiiweka ziara hii kando ya riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitereza anayasimulia maisha ya Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilohilo, kwa kueleza kwa subira jinsi kazi zinavyofanywa na jinsi watu wanavyowajibika wao kwa wao. Msomaji wake hupewa ujuzi kabla ya kupewa mandhari. Simulizi ya kitalii hufuata njia ya kinyume: hutoa mandhari kwanza, na ujuzi haufiki kamwe. Wahenga walinena kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, lakini katika ziara hii anayejua ndiye asiyeulizwa.

4. "Jadi" iliyo nje ya sheria

Neno linalobeba uzito mkubwa katika simulizi hii ni "jadi". Linampa mgeni hisia kwamba anashuhudia jambo la kale lisilobadilika. Historia ya ziwa haikubaliani na hisia hiyo. Ni kweli kwamba wakazi wa kandokando ya ziwa walivuta zana zilizosukwa kwa mafunjo tangu zamani. Hata hivyo, nyavu za kitani za kutegea ziliingia ziwani mwaka 1905, na nailoni ya kiwandani ilienea katika miaka ya 1950. Wavu unaopigwa picha leo una nyuzi za kiwandani, na samaki anayelengwa mara nyingi ni sangara, ambaye aliletwa ziwani katika miaka hiyohiyo ya 1950 na 1960.

Jambo zito zaidi ni sheria. Kokoro huburura sehemu za kina kifupi, na huko ndiko sato dume huchimba viota na ndiko wachanga wa sangara hukulia. Kwa sababu hiyo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, Tanzania imelikataza, na kanuni za uvuvi za Uganda za mwaka 2010 hazilikubali. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kusimamia utekelezaji wa sheria hizo ziwani, na ukali wa operesheni zake umelalamikiwa hadharani na jamii za wavuvi.

Hapa ndipo simulizi inapokuwa na madhara. Wavu uleule unaosifiwa asubuhi kama urithi unaweza kuchomwa moto jioni kama kielelezo cha kosa. Picha inayompendeza mgeni inaweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyepigwa picha. Mwongoza watalii hupata ujira wake kwa vyovyote vile, ilhali mvuvi hubeba hatari yote. Neno "jadi" basi halielezi umri wa wavu. Linamwondolea mtazamaji wajibu wa kuuliza.

5. Funzo la Mbale

Barabara ya kutoka Iganga kupitia Tirinyi hukatiza vinamasi vya mto Mpologoma na kumfikisha msafiri Mbale, chini ya mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Mbale haina ufuko wa kuvutia juya, lakini ina tajriba ndefu ya kutazamwa. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, hufunguliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto. Wageni huja, kamera huja, wanasiasa na wafanyabiashara nao huja.

Imbalu haikusalimika na soko, na si haki kuipamba. Mabango ya biashara na hotuba ndefu zimeingia uwanjani. Hata hivyo, mambo mawili yamebaki mikononi mwa wenyeji. La kwanza ni wakati. Kalenda ni ya Wagisu, na mgeni ndiye anayepanga safari yake kuifuata. La pili ni maana. Kijana anayezunguka kwa jamaa zake akicheza kwa mdundo wa kadodi anajulikana kwa jina la baba yake na ukoo wake, na kusimama kwake imara mbele ya kisu kunahukumiwa na watu wake. Mgeni anaweza kuvutiwa au kuchukizwa, lakini hukumu yake haina nguvu pale.

Ufukoni mwa Jinja mambo hayo mawili yamepotea. Wakati hupangwa na ratiba ya mashua ya watalii, na maana hutolewa na asiyevuta. Hatari ya mbele inaonekana Fort Kochi, nchini India, ambako nyavu kubwa za kuinuliwa kwa mizani ya mawe zimekuwa alama ya mji. Huko samaki wamepungua, na wavuvi huwaruhusu wageni kushika kamba kwa malipo madogo. Wavu umehifadhiwa, ila kinachonaswa sasa ni mgeni.

6. Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba wavu haramu haupaswi kuonyeshwa kabisa. Dai hili lina uzito iwapo kuonyesha ni kuvua. Lakini kokoro linaweza kutandazwa nchi kavu, likaelezwa na mzee aliyelivuta, pamoja na sababu ya kukatazwa kwake, huku zana zinazoruhusiwa zikionyeshwa majini. Dai la pili ni kwamba fedha za wageni zitafidia riziki iliyopotea. Hilo litategemea ni nani anayeuza tiketi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na anayepaswa kupona hapa ni mwenye mwalo. Methali nyingine humpa mgeni jembe siku ya tatu, nayo inakumbusha kwamba ugeni usio na wajibu una kikomo. Mtalii aliyeambiwa ukweli kuhusu viota vya sato amekwisha kupewa sehemu yake ya wajibu.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba udhaifu wa utalii wa nyavu za ufukoni upo katika usimulizi kabla ya kuwa katika wavu. Msimulizi amewekwa mahali pasipo pake, mhusika amenyimwa kauli, na neno moja, "jadi", limefunika sayansi na sheria. Jinja ina watafiti, ina wavuvi, na ina lugha inayowaunganisha na wenzao wa Kisumu na Mwanza. Waongozaji wakifunzwa kwa Kiswahili pamoja na wavuvi, na wavuvi wenyewe wakilipwa kama wasimulizi, ziara itapungua utamu wa picha na kuongezeka uzito. Hadi hilo litendeke, mgeni ataendelea kuondoka mwaloni akiwa na picha ya mtu asiyemjua jina, akivuta wavu ambao hakuambiwa kuwa umekatazwa.